Siku Niliyokuwa Kiziwi wa Kitaliano

Jambo hili nimelikwepa kwa muda mrefu, na hata leo nisingelisema kama si kwamba wengi wenu mmeshaiona ile video kwenye simu, mmecheka, mmeirusha kwenye magrupu, na wawili watatu wenye ujasiri wameniuliza usoni kama yule jamaa mwenye uso mweupe pee, anayetafuna mkate kwa raha zake huku mama wa watu analia nyuma yake, ni mimi. Ndiyo, ni mimi. Aibu yenyewe nimeshaizoea kama mtu anavyozoea jino bovu, kwa hiyo wacha niwaeleze ilivyokuwa, maana kwenye video mnaona robo tu.

Wakati huo nilikuwa natokea Mpanda, nilikokuwa nalinda ghala la mahindi la tajiri mmoja, kabla ya Mpanda nilikuwa Mererani, kabla ya Mererani nilikuwa Kilombero kwenye miwa, na kabla ya hapo sikumbuki vizuri (mwanamke niliyekuwa naye anakumbuka, lakini hatuongei). Mimi ni mtu wa kuhama. Nikikaa mahali zikapita mvua mbili, miguu inaanza kuwasha. Ila kila nilikolala nilikuwa naiota sehemu moja ambayo sikuwahi kuishi, nayo ni Mhezi, kule juu milima ya Upare, alikozaliwa mama yangu. Mama aliolewa Kilosa kwenye joto na mbu, na mpaka anafariki alikuwa akielezea ukungu wa kwao kama vile watu wengine wanavyoelezea peponi. Basi siku mjomba wangu Eliamani, kaka yake mama, aliponipigia simu akasema, "Mjomba, mimi nazeeka, njoo uone sehemu ya mama yako kabla sijaondoka," nilifunga begi jioni ileile. (Sisi tunaitana mjomba, yeye ananiita mjomba na mimi namwita mjomba, msichanganyikiwe.)

Nikapanda treni mpaka Tabora, Tabora nikalala stesheni, nikachukua basi la Singida, likaharibika Nzega, nikachukua jingine, Arusha nikafika nimevimba miguu, na Same nikashuka saa za mchana upepo unavuma ule wa Same, wenye vumbi, ukifungua mdomo kusalimia unameza nusu ya stendi. Chini pale ni joto, mbuzi, na wafugaji wamejifunga shuka zao wanasubiri mnada. Nikapata gari la mlimani lililobeba mabati, tukaanza kupanda kona baada ya kona, na mahali fulani katikati nikaanza kutetemeka kwa baridi, nikatazama nje nikaona ukungu umelala juu ya migomba, na mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, nikatokwa na machozi. Dereva akadhani nataka kutapika, akasimama.

Mjomba alinipokea vizuri. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa, migomba, kahawa kidogo, na kipande kilichoachwa bila kulimwa ambacho alinionesha kwa mkono akiwa amesimama mlangoni: "Pale ni pa mama yako." Nikasema kesho nashika jembe. Mjomba akacheka. "Jembe si shida. Una maji?"

Hapo ndipo nilipofundishwa habari ya ndiva. Kule juu wazee wa zamani walichimba mabwawa madogo, wakayajengea kingo za mawe na udongo, na hayo ndiyo ndiva. Kijito kinaingia taratibu mchana na usiku mpaka bwawa linajaa, asubuhi mwenye zamu anaenda na jirani zake, anazibua, na maji yanashuka kwa mfereji mpaka shambani kwake. Wakati wa kiangazi, kama huna zamu huna shamba, una uwanja tu. Na zamu haitolewi na serikali wala haiuzwi, inatoka kwa wazee, inarithiwa, na mwenye kuitunza yote kichwani ni mgawa maji, ambaye kwetu pale alikuwa Mzee Mbonea, mtu mrefu, mkimya, anayetembea na fimbo asiyoihitaji.

Babu yangu alikuwa amempa mama zamu, jambo ambalo kwa binti halikuwa la kawaida, akampa kwa sababu mama ndiye aliyemuuguza. Mama alipoolewa mbali, ile zamu ikalala. Sasa mjomba alikuwa amepeleka ombi kwa wazee waiamshe, wanipe mimi. Kikao kilikuwa Alhamisi. "Wakikupa," mjomba aliniambia, "wewe ni wa hapa. Wakikunyima, wewe ni mgeni wangu, utakula na kulala, lakini ni mgeni." Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka ile zamu. Nilikuwa nimeshachoka kuwa mgeni wa watu.

Sasa, wiki hiyohiyo ndiyo wakaja watu wa televisheni.

Walikuja na magari mawili kutoka Dar es Salaam, wakapita ofisi ya kijiji wakajitambulisha vizuri, kwamba wanatengeneza tamthilia za kufundishia fasihi kwa shule za sekondari, kila kipindi hadithi moja ya nchi fulani inageuzwa kuwa mchezo wa Kiswahili, halafu mwalimu anatokea mwishoni anauliza maswali. Zamu hii ilikuwa ya Italia. Mwongozaji, dada mmoja mchangamfu anaitwa Zuhura, mwenye koti kubwa kuliko yeye, alisema wameizunguka nchi wakitafuta mahali panapofanana na milima ya Italia wasipapate, mpaka mtu akawaambia kuhusu ukungu wa Upare.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya zamani, mwandishi wake ana jina refu ambalo Zuhura alilitamka na sisi tukaliacha hapohapo. Inahusu bwana mwenye kinu cha kusaga, kinachozungushwa na maji, kwenye kijiji cha milimani. Bwana huyu amechoka na watu kuja kumwomba unga, basi siku moja anaamua kujifanya kiziwi. Watu wanaomba, hasikii. Wanalia, hasikii. Mwisho, kwa kuwa wanaamini hasikii, wanaanza kusema mbele yake yote wanayomfikiria, mkewe naye akiwemo, na yeye inabidi akae ayameze, maana akijibu tu ameumbuka.

Mjomba alipoelezwa akasema, "Huyo si Mtaliano, huyo ni Mpare," na uwanja mzima wa ofisi ukaangua kicheko, maana Wapare wanataniwa nchi nzima kwa ubahili.

Aliyetakiwa kuigiza yule bwana hakutokea (alipata kazi nyingine mjini), na Zuhura akaanza kutuangalia sisi wanaume tuliokuwa pale kama mtu anayechagua nyanya. Mjomba akanisukuma mbele. "Huyu ana kidato cha nne, na Kiswahili chake kimenyooka." Zuhura akanizunguka, akaniangalia kipara, akaniangalia tumbo, akasema, "Huyu hapa." Sikuhitaji hata kusema neno, na kwa kweli kwenye mchezo ule karibu sikuwa na maneno. Ndiyo maana nilifikiri itakuwa rahisi.

Siku ya Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya kinu. Fundi seremala wao alikuwa ametengeneza gurudumu kubwa la mbao, zuri sana, wakaliweka juu ya mfereji, chini kidogo ya ndiva. Mimi walinivika suruali pana nyeusi iliyoishia magotini, soksi nyeupe za mpira, kizibao, masharubu ya gundi, na juu ya yote wakanipaka unga wa muhogo uso mzima mpaka kope, eti mtu wa kinu. Nilipopita njiani nikielekea pale, Mama Nanzia, jirani yetu, mjane anayeongea haraka utadhani anafukuzwa, alinipita bila kunijua. Huyu mama ndiye aliyeniletea maharage siku niliyofika. Na jana yake tu, akiwa amesimama kwenye tuta, alikuwa ameniambia kwa furaha, "Kesho kutwa asubuhi ni mimi, Joeli. Yametoa maua yote. Yakinywa maji hayo tu, nimevuna. Yasipokunywa, nimelima maua."

Kwa hiyo nilijua. Nataka hilo lieleweke, sikuwa sijui. Nilijua zamu ya asubuhi ni ya Mama Nanzia.

Kilichotokea ni kwamba gurudumu halikuzunguka. Maji ya mfereji kiangazi kile yalikuwa kama mkojo wa mtoto, yanapita chini ya mbao wala hayaligusi. Wakajaribu kulizungusha kwa kamba, ikaonekana ni kamba. Zuhura akaanza kuangalia juu, jua lilikuwa limechungulia kwenye ukungu na alilihitaji, anasema, "Jamani jua, jua linatuacha." Akaniangalia mimi. "Kaka Joeli, wewe si mwenyeji hapa?"

Neno mwenyeji. Hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo tangu nizaliwe, popote. Nikajisikia kifua kimepanuka ndani ya kizibao. Nikasema, "Maji mtapata."

Nikapanda mpaka kwenye ndiva na soksi zangu nyeupe. Hesabu yangu ilikuwa fupi: nitazibua kidogo, dakika chache, nitaziba, usiku kijito kitajaza, asubuhi Mama Nanzia atakuta bwawa lake kama kawaida na hakuna atakayejua. Kizibo cha ndiva ni gogo lililochongwa, limezungushiwa majani makavu ya mgomba na udongo, na nilikuwa nimemwona mjomba akilizibua. Sikuwa nimemwona akiliziba. Nikalivuta kwa nguvu zote, likagoma, nikalivuta tena, likatoka ghafla nikaanguka kwa makalio, na maji yakatoka na mlio ambao sijausahau, kama ng'ombe anayelia ndani ya pipa. Nikasikia huko chini wanapiga makofi, gurudumu linazunguka. Na Zuhura anaita, "Joeli! Kaa! Kaa kwenye nafasi yako, jua!"

Nikakimbia chini, nikakaa kwenye kigoda, nikapewa mkate mzima wa kuumega. Gogo nimeliacha pembeni juu kule, kwa mawazo yangu.

Zuhura akaninong'oneza maelekezo. "Watakuja nyuma yako, watapiga kelele, watakutukana, watalia. Wewe husikii. Hata jicho usigeuze mpaka niseme kata. Umenielewa? Hata wakisema nini."

"Hata wakisema nini," nikajibu.

Wakaanza. Wanakijiji wenzetu waliovishwa mitandio wakaja na vikapu, "Tupe unga, bwana, watoto wana njaa," wakisema kama wanasoma tangazo, na mimi namega mkate natafuna. Nikiwa natafuna, naona kwenye mfereji, mbele ya miguu yangu, gogo langu linapita. Linaelea taratibu, limelowa, linageukageuka kama mtu anayetembea kwenda sokoni bila haraka. Likagonga gurudumu, likapita chini yake, likaendelea na safari zake.

Hapo ningesimama. Mtu yeyote angesimama. Lakini kamera ilikuwa usoni kwangu, na nilikuwa nimeambiwa hata jicho nisigeuze, na (naona aibu kulisema) nilikuwa nimeanza kujisikia kwamba naigiza vizuri. Nikajiambia, wakisema kata tu, nakimbia. Nikamega kipande kingine.

Ndipo nikasikia sauti mpya nyuma yangu. Ya mwanamke. Hii haikuwa ya kusoma. "Wewe baba! Wewe! Nani kafungua maji? Funga! Funga maji!" Nikashangaa, maana mchezo ulikuwa wa unga, lakini nikafikiri Zuhura amebadilisha kidogo, mambo ya kisanii hayo, kinu na maji vinaenda pamoja. "Bwana! Nakuomba! Ni ya kwangu hayo, ni ya kesho! Wewe mzungu, husikii? Maharage yangu!" Na kelele za gurudumu na za maji zilikuwa nyingi, sauti inakuja imekatikakatika, na nilichowaza, naapa, ni kwamba huyu mama, Zuhura kamtoa wapi, anajua kuigiza kutuzidi wote. Akaanza kulia. Kilio cha kweli kabisa. Akahamia Kipare, akamwaga maneno ambayo mama yangu alikuwa akiyatumia akijigonga kidole. Nami, ili nisipitwe, nikapangusa makombo kwenye kizibao, taratibu, kombo moja moja.

Halafu fimbo ikatokea upande wa kulia wa jicho langu. Mfereji ule unapita mlangoni kwa Mzee Mbonea, na maji kupita pale wakati usio wake ni sawa na mwizi kupita na kubisha hodi. Alikuwa amefuata maji kwenda juu mpaka amefika kwangu. Hakupiga kelele. Alisimama, akaniangalia muda mrefu, akavua kofia, akainama kidogo, na mzee yule mwenye umri wa kumzaa mama yangu akaniamkia mimi:

"Shikamoo, baba mwenye maji."

Mnajua maana ya mzee kumwamkia kijana. Hakuna tusi linalofika hapo. Na mimi nilifanya nini? Nilimwangalia usoni, nikagusa sikio langu kwa kidole, nikatikisa kichwa, nikarudi kwenye mkate wangu. Hiyo ndiyo sehemu mnayoirudiarudia kwenye simu zenu.

Kisha gurudumu likaanza kupunguza mwendo. Likalia, likalia kidogo, likasimama. Kukawa kimya, na kwenye ule ukimya nikasikia mtu anasema nyuma yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, jina langu ambalo yeye hajawahi kuniita hata siku moja.

"Joeli."

Alikuwa mjomba. Nikageuka na mkate mdomoni. Mama Nanzia alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, mikono kichwani, na aliponiona macho chini ya ule unga, akanitambua. Aliniangalia tu mpaka nikatamani anitukane tena.

"Kata!" Zuhura akapaza sauti. "Safi sana! Safi mno!" Akapiga makofi, peke yake.

Alipoelezwa kilichotokea alishika mdomo, masikini, akaomba radhi kwa kila mtu, wakapanda wote na mjomba na vijana wake kwenda kuziba ndiva kwa mawe na magunia, lakini mle ndani palikuwa pamebaki tope na vyura. Zuhura akasema ataifuta ile sehemu yote. Na ni Mama Nanzia, amini usiamini, aliyekataa. Alisimama akajikung'uta nyasi. "Usifute. Si mmesema ni ya watoto wa shule? Waoneshe."

Alhamisi kikao kikakaa, kama kilivyopangwa. Mzee Mbonea akafungua kwa sala, akasema, "Leo tuna mambo mawili, na bahati mbaya yote yana jina la mtu mmoja." Nilikuwa nimenawa, nimevaa shati la mikono mirefu, lakini unga wa muhogo ukishakaa kwenye nyusi hautoki haraka, na nilikuwa najua watu wanautazama.

Mama Nanzia akapewa nafasi. "Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Nikamwita baba, nikamwita bwana, nikamwita mzungu. Akamega mkate!"

Watu wakaguna kwa kicheko.

"Msicheke! Akamega mkate!"

"Mama, nisamehe," nikasema. "Nilidhani unaigiza."

"Naigiza? Mimi? Kwa maharage yangu?"

"Ongea kwa nguvu, mama," mtu akasema kutoka nyuma, "huyo hasikii." Hapo hata Mzee Mbonea aliangalia pembeni kwanza kabla ya kugonga fimbo chini.

Mjomba akasimama, na hili ndilo linaloniuma kuliko video. Alisema kosa ni la mtu aliyemleta mtu, kwa hiyo yeye anatoa zamu yake mwenyewe, Mama Nanzia aichukue. Mzee yule ana ng'ombe, ana migomba, akitoa zamu kiangazi anakaa na nini? Nikasimama nikasema hapana. Nikasema kama kuna zamu ya mama yangu, basi itolewe hiyo. Wazee wakateta kwa Kipare, muda mrefu, nami nimesimama. Mzee Mbonea akanigeukia.

"Zamu ya mama yako tumeiamsha. Ni yako, Jumanne." Nikaanza kusema asante, akainua fimbo. "Na kuanzia Jumanne hii mpaka mvua, atainywa Mama Nanzia. Na wewe utatoa tope kwenye ndiva mpaka tuone mawe ya chini. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Watu wakapiga makofi, sijui ya nini.

Nikatoa tope. Ni kazi ambayo kijiji kizima hufanya kwa msaragambo, wanakwenda wote na majembe na nyimbo, wanamaliza asubuhi moja. Mimi nilikuwa peke yangu, na ilichukua muda wake. Baadhi walikuja kunitazama, wengine wakanisaidia kidogo wakidhani siwaoni. Mama Nanzia alipoteza maua ya nusu ya shamba, nusu nyingine ikabeba. Aliniambia hivyo mwenyewe, bila hasira, kama anayesoma taarifa ya habari. Nilikuwa nimeanza kuamini mambo yatapoa.

Ndipo kipindi kikarushwa.

Shule ya sekondari iliyo karibu iliwaalika wanakijiji wote kuja kutazama ukumbini, maana kijiji chetu kilikuwa kwenye televisheni. Mjomba alivaa koti la kanisani. Mchezo ukaanza, ukungu ule, migomba (wamejitahidi kuificha, lakini ni migomba), kinu kinazunguka, mimi nimekaa. Akaja Mama Nanzia na kilio chake, na tulipofika kwa Mzee Mbonea na shikamoo yake, na kidole changu kwenye sikio, kuna mtu akasema "Yesu!" kwa sauti ya chini. Kisha akatokea mwalimu kwenye skrini, mama mwenye miwani, akasema: "Wanafunzi, mmeona jinsi mwandishi anavyomchora mtu mwenye mali asiyejali wenzake. Jiulizeni, je, ukiziwi huu ni wa mwili, au ni wa moyo?"

"Wa mooyo!" ukumbi mzima ukajibu kwa pamoja, wanafunzi, wazazi, na Mama Nanzia kwa sauti kuliko wote.

Tulipotoka nje watu walimzunguka, wanampongeza, na yeye anasema, "Nimetoka vizuri eeh? Hata machozi yameonekana." Mzee Mbonea naye niliona watoto wa shule wanamwamkia kwa heshima mpya, wanainama kama alivyoinama yeye.

Mimi tangu siku ile nikawa Kiziwi. Si kwa ubaya, kwa kweli si kwa ubaya. Dukani wananipigia kelele, "KIZIWI, UNATAKA CHUMVI AU SUKARI?" Kanisani nikichelewa mzee wa kanisa anasema hakusikia kengele. Nilishuka siku moja Kisiwani kutafuta mbegu, mbali kabisa huko tambarare, nikakutana na msichana wa sare za shule, akaniangalia, akamvuta mwenzake mkono, akagusa sikio. Na jamaa yangu mmoja wa Mpanda akanipigia simu akiwa hoi kwa kicheko, akinitumia video niliyokwisha kutumiwa mara nyingi, na mwishoni akasema, kwani unafanya nini huko, huku ghala jipya linataka mtu.

Mvua zilinyesha, zikakatika, kiangazi kikaanza kunukia tena. Mzee Mbonea akaja nyumbani, akakataa kukaa, akasema, "Jumanne ijayo ni zamu yako. Mama Nanzia amemaliza ya kwake." Mjomba akafurahi mpaka akaenda kunoa jembe langu. Na mimi nikatazama kile kipande pale, nilikuwa nimekilima nusu, sijapanda hata mbegu moja, na nikaijua ile hali ya miguu. Siwezi kusema ni kicheko cha watu kilichoniondoa. Nikisema hivyo nitakuwa nawasingizia. Nilipewa kitu nilichokitaka maisha yangu yote na nikaanza kutazama barabara.

Niliondoka Jumatatu. Mjomba alinisindikiza mpaka garini, hakuniuliza swali, alinipa chupa ya maziwa akasema nisiiache kwenye jua. Gari likaanza kushuka, na tulipofika kwenye kona chini ya mashamba nikasikia mtu anaita kutoka kwenye matuta, mbali. Abiria wakacheka, "Kiziwi, unaitwa!" Nilikuwa nimeshasikia tangu herufi ya kwanza. Nikagonga bodi la gari, dereva akasimama.

Mama Nanzia alikuja anateremka matuta na jembe mkononi, anahema.

"Joeli! Kesho ni zamu yako. Nani atafungua?"

"Fungua wewe, mama."

"Kesho tu?"

Yeye akanisubiri, hakunisaidia.

"Hapana," nikasema. "Si kesho tu. Chukua."

Akaniangalia vilevile kama alivyoniangalia siku ya kinu, kisha akatikisa kichwa taratibu. "Ukishuka mlima huu, zamu haikungoji. Mzee Mbonea hataiamsha mara ya pili. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya. Safiri salama." Akapandisha jembe begani akarudi shambani kwake, maana alikuwa na mifereji ya kusafisha kabla ya asubuhi.

Sijarudi Mhezi. Siku hizi mtu akiita barabarani nageuka hapohapo, hata kama anayeitwa si mimi, hata kama ni kondakta anaita abiria, na watu wananishangaa. Na akitokea mtu kuniambia kuna tamthilia inatafuta waigizaji, iwe ya Kitaliano au ya kwetu, namwambia asante sana ndugu yangu, nimekusikia vizuri, halafu navuka barabara.